Maswali ya Wasomaji: Riba imeshuka, mbona rejesho letu halijashuka?

Julai 2025 Benki Kuu ya Tanzania iliteremsha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Barua zilizofuata kutoka mkoa wa Tanga zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kampuni yetu ina mkopo wa riba inayobadilika, je, nafuu hiyo inatufikia lini na kwa kiasi gani? Tumechagua barua sita. Hesabu tumeziweka wazi ili kila mhasibu azirudie kwa tarakimu zake mwenyewe.

Mhasibu wa shamba la mkonge, Muheza: Assalamu alaikum, wahariri. Kampuni yetu ina mkopo wa shilingi bilioni 2.4, tulionunulia korona (mashine ya kuchakata mkonge) mpya na kukarabati mifumo ya maji. Mtaji (fedha yenyewe tuliyokopa) tutaanza kuulipa mwakani, kwa sasa tunalipa riba tu kila mwezi. Mkurugenzi amesikia redioni kwamba riba imeshuka, kila Jumatatu ananiuliza akiba iko wapi. Taarifa ya benki inaonyesha asilimia 15 ile ile. Nimeambatanisha kifungu cha riba. Je, benki inatuibia?

Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Neno hilo ni zito, tuliweke pembeni mpaka karatasi zisomwe kwanza. Kifungu ulichotuletea kina mistari mitano tu, lakini majibu yako yote yamo humo: riba ni mavuno (faida ya mwaka anayopata mnunuzi) ya dhamana za Serikali za siku 364 (hati ambazo Serikali hukopea fedha) katika mnada wa mwisho kabla ya tarehe ya mapitio, jumlisha asilimia 6, mapitio ni tarehe 1 Januari na 1 Julai, riba yote kwa jumla isipungue asilimia 14, siku zihesabiwe kwa mwaka wa siku 365.

Angalia kwamba Riba ya Benki Kuu haikutajwa popote. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza sera ya fedha kwa riba hiyo, na Kamati yake hukutana kila miezi mitatu kuipanga. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili 2024 ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashuka robo pointi. Kazi yake ni kuongoza riba ya mikopo ya siku 7 baina ya mabenki yenyewe, ambayo hutakiwa ibaki ndani ya pointi mbili za asilimia juu au chini yake. Kwa hiyo mkurugenzi alichosikia redioni ni bei ya fedha kati ya benki na benki. Kutoka hapo hadi Muheza kuna safari: kwanza minada ya dhamana za Serikali, kisha bei ya amana, mwisho mikopo. Benki iliyochukua amana za mwaka mmoja kwa bei ya zamani itaendelea kuzilipa kwa bei hiyo mpaka ziive, na ndiyo sababu riba za mikopo huteremka polepole kuliko zinavyopanda. Na hata kama robo nzima ingekufikia siku ile ile, kwa bilioni 2.4 ni shilingi milioni 6 kwa mwaka, yaani laki tano kwa mwezi. Mwambie mkurugenzi tarakimu hiyo mapema, pengine matarajio yake ni makubwa mno.

Kinachowahusu ninyi ni mnada wa siku 364. Chukua mfano. Kama mnada wa kabla ya Januari ulitoa mavuno ya asilimia 9, tisa na sita ni 15. Kama wa kabla ya Julai ulitoa 7, saba na sita ni 13. Hapo ndipo sakafu inapoingia: mkataba unasema isipungue 14, basi mnalipa 14. Soko limewapunguzia pointi mbili, mkataba umewapa moja. Na mnada ukishuka tarehe 20 Julai, wiki tatu tu baada ya mapitio, mtausubiri hadi Januari.

Sasa hesabu ya mwezi wenye siku 31. Kwa asilimia 15:

2,400,000,000 × 0.15 × 31 ÷ 365 = 30,575,342

Kwa asilimia 14 inakuwa 28,536,986. Tofauti ni kama milioni 2.04 kwa mwezi huo, na milioni 24 kwa mwaka mzima. Riba ya mkopo wa biashara hupunguzwa kwenye mapato kabla ya kodi, kwa hiyo riba ikipungua, faida inayotozwa kodi inaongezeka. Kodi ya kampuni ikiwa asilimia 30, katika zile milioni 24 inayobaki mfukoni ni milioni 16.8. Wahasibu wengi wanapeleka 24 kwenye bajeti, halafu mwisho wa mwaka wanatafuta milioni saba zilikokwenda.

Kama mnada wa Juni ulitoa chini ya 9 na taarifa ya Agosti bado inaonyesha 15, benki haijabadilisha kiwango kwenye mfumo wake. Hili hutokea, hasa kwa mikopo yenye masharti maalumu ambayo kompyuta haiyafahamu: mtu lazima aingie kwa mkono abadilishe, na ofisa aliyekuwa anaijua faili yenu huenda amehamishiwa tawi jingine. Chapisha matokeo ya mnada kutoka tovuti ya Benki Kuu (tafuta wastani wa mavuno uliopimwa kwa kiasi kilichouzwa, usichukue mavuno ya juu wala ya chini), ambatanisha kifungu, onyesha hesabu ya siku kwa siku tangu 1 Julai, na uombe marekebisho yarudi mpaka tarehe hiyo. Peleka barua kwa mkono, upate muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Simu haihesabiki.

Jambo jingine la kuchungulia ni kigawanyo cha siku. Wewe umepata 365, na ni bahati. Mikataba mingine ya shilingi imenakiliwa kutoka ile ya dola na kuachiwa 360. Bilioni 2.4 kwa asilimia 15 ni milioni 360 kwa mwaka. Ukigawanya kwa 360 kisha ukalipa siku zote 365, inakuwa milioni 365. Milioni tano zimekwenda kwa sababu ya tarakimu moja ambayo hakuna aliyeisoma.

Kuhusu kuzungumza na benki: wengi huenda kuomba nyongeza ipunguzwe, kutoka 6 hadi 5 kwa mfano, wakarudi wamefurahi. Kwa mkataba wako usifanye hivyo kwanza. Saba na tano ni 12, lakini sakafu bado ni 14, na mtaendelea kulipa 14. Mtakuwa mmelipia ada ya kubadilisha mkataba na hamjapata hata senti. Anza na sakafu. Omba iondolewe, au ishuke hadi 11. Benki ikikataa katakata, omba basi nayo iwekewe dari, tuseme asilimia 18, maana haiwezekani mkopeshaji alindwe riba ikishuka na mkopaji aachwe wazi ikipanda. Wakati mzuri wa ombi hilo ni pale mnapoomba fedha zaidi au mnapowasilisha hesabu zilizokaguliwa, kwa sababu faili inakuwa mezani kwa kamati ya mikopo tayari.

Mwisho, tazama upande wa pili wa daftari. Kama kampuni imeweka amana ya muda maalumu ya milioni 600 kwa ajili ya mishahara ya wakataji na matengenezo ya mashine za brashi, nayo itapata riba ndogo zaidi ikiiva. Pointi moja ikishuka huko mnapoteza milioni 6. Akiba halisi ya kampuni ihesabiwe juu ya deni ukitoa amana: 1.8, si 2.4.

Mwenye kampuni ya malori, Pongwe: Tunalipa rejesho sawa kila mwezi kwa mkopo wa malori. Deni lililobaki ni milioni 150, miezi 48. Benki imeshusha riba yetu kutoka asilimia 18 hadi 16, lakini rejesho ni lile lile 4,406,250. Ofisa mikopo ananiambia nimenufaika. Nimenufaika wapi?

Ofisa amesema kweli, ila angekueleza na akakupa nafasi ya kuchagua. Rejesho sawa lina vipande viwili ndani yake, riba na mtaji. Mwezi wa kwanza kwa asilimia 18, katika zile 4,406,250 riba ilikuwa 2,250,000 na mtaji 2,156,250. Kwa 16, riba ni 2,000,000 na mtaji ni 2,406,250. Umetoa fedha ile ile lakini laki mbili na nusu zaidi zimekwenda kuua deni, na kila mwezi pengo hilo linapanuka. Badala ya miezi 48 utamaliza katika mwezi wa 46, na rejesho la mwisho litakuwa dogo, karibu milioni 2.97.

Njia ya pili ni kuomba rejesho lipangwe upya kwa miezi 48 ile ile. Litashuka hadi karibu 4,251,000, nafuu ya kama 155,000 kwa mwezi. Linganisha jumla: kwa riba ya zamani ungelipa milioni 211.5 hadi mwisho; ukipunguziwa rejesho utalipa kama milioni 204; ukiacha rejesho lilivyo utalipa kama milioni 201.3. Kuacha rejesho kunaokoa zaidi, na kama malori yana kazi ya kutosha ya bandarini, tungeliacha. Lakini 155,000 kwa mwezi ni fedha ya mafuta au ya kiraka cha tairi, na kampuni inayokopa kwa wenzake ili ifikishe mwisho wa mwezi inahitaji pumzi sasa kuliko akiba ya mwaka wa nne.

Sharti moja: omba ratiba mpya ya marejesho iliyochapishwa, yoyote utakayochagua. Bila ratiba hiyo hutajua kama mfumo wa benki umefupisha muda kweli au zile laki mbili na nusu zinakaa mahali kama malipo ya ziada yasiyopunguza mtaji. Kagua safu ya salio kila mwezi. Baada ya rejesho la kwanza kwa riba mpya lazima lisome 147,593,750.

Mfanyabiashara wa jumla, Ngamiani: Shikamooni. Nina ovadrafti (ruhusa ya kutoa fedha kupita salio la akaunti) ya milioni 80 kwa jina la kampuni, wastani natumia 60. Riba ni "riba ya msingi ya benki jumlisha 3". Riba ya Benki Kuu imeshuka, ya msingi ya benki yangu haijasogea. Ninaweza kuwalazimisha?

Marahaba, dada yetu. Riba ya msingi ya benki huamuliwa na benki yenyewe, kwa kuangalia gharama ya amana zake, uendeshaji na mikopo mibovu. Mkataba wako unaifuata hiyo, kwa hiyo huna kifungu cha kuwalazimisha wateremshe. Una haki ya kuelezwa. Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinampa mteja haki ya kupata taarifa iliyo wazi na ya kulalamika, kwanza benki penyewe, kisha Benki Kuu kama hukuridhika na jibu. Andika uulize mambo mawili tu: riba ya msingi ilibadilika lini mara ya mwisho, na wateja wapya wa ovadrafti ya aina yako wanapewa kiwango gani leo. Hili la pili ndilo lenye makali. Mara nyingi benki huacha riba ya msingi palepale, ikampunguzia mteja mpya kupitia nyongeza, na mteja wa zamani akabaki na ile aliyoikuta. Omba nyongeza ya leo wakati wa kuhuisha ovadrafti, ambayo kwa kawaida huhuishwa kila mwaka. Anza siku 60 kabla, ukiwa na taarifa za mauzo za miezi 12.

Lakini kuna fedha iliyo karibu zaidi na mkono wako. Ovadrafti huhesabiwa kwa salio la kila siku jioni. Pointi moja ikishuka kwenye wastani wa milioni 60, unaokoa 600,000 kwa mwaka. Sasa chukua mauzo ya mwisho wa wiki: kama milioni 10 zinalala dukani mpaka Jumatano badala ya kupelekwa benki Jumatatu, kwa riba ya asilimia 18 siku hizo mbili zinagharimu 9,863. Zidisha kwa wiki 52, ni kama 513,000. Kijana wa kupeleka fedha benki Jumatatu asubuhi anakupa karibu nafuu ile ile unayoisubiri kutoka juu, na hiyo haihitaji ruhusa ya mtu. Kwa wauzaji wanaolipwa kwa simu, hamisha salio kutoka akaunti ya simu kwenda benki kila jioni baada ya kulinganisha ada ya kuhamisha na riba ya siku hiyo: laki tano kwa asilimia 18 ni shilingi 247 tu kwa siku, kwa hiyo kiasi kidogo kisubiri kikusanyike.

Wakurugenzi wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, Chumbageni: Sisi hatuchukui mikopo ya riba. Tunatumia murabaha kununulia mabati na nondo, na ijara kwa forklifti mbili. Je, mabadiliko haya yanatuhusu?

Yanawahusu kwa namna tofauti katika hiyo mikataba miwili. Katika murabaha benki hununua bidhaa, kisha inawauzia kwa bei iliyotajwa, gharama na faida yake vikiwa wazi, mkilipa kwa awamu. Bei ikishakubaliwa imefungwa; haipandi soko likipanda, haishuki likishuka. Kwa hiyo murabaha mliyotia saini Mei itaisha kwa bei ya Mei. Nafuu mtaiona kwenye mzigo unaofuata, na hapo ndipo pa kubanana: benki hupanga faida yake kwa kutazama riba za soko, basi kila ununuzi mpya uombewe nukuu mpya. Kosa tunaloliona ni kampuni kupewa kikomo cha mwaka mzima na kiwango cha faida kilichoandikwa kwenye barua ya Januari, kisha kila shehena ya mabati inapita kwa kiwango hicho bila mtu kuuliza.

Mkilipa murabaha mapema, benki hailazimiki kuwapunguzia faida iliyobaki. Nyingi hupunguza kwa hiari yao. Ulizeni utaratibu wao kabla ya kupeleka fedha.

Ijara ni kukodi kifaa, na inaweza kuwa na vipindi vya mapitio ambapo kodi hupangwa upya kwa kufuata kipimo cha soko kilichokubaliwa. Hapo maswali ni yale yale tuliyomweleza ndugu wa Muheza: kipimo kipi, tarehe gani, na kama kuna kiwango cha chini.

Meneja wa fedha, kampuni ya kusafirisha viungo, Muheza na Tanga Mjini: Tunakusanya iliki, mdalasini na pilipili manga za Amani na kuziuza nje. Mkopo wetu ni dola 800,000 kutoka kwa mkopeshaji wa ng'ambo, wa mwaka 2021: LIBOR (kipimo cha kimataifa cha riba baina ya mabenki) ya miezi mitatu jumlisha 5. Baadaye wakatubadilishia kwenda SOFR na kaongezeko kadogo. Tunaona Marekani riba zinashuka. Tutarajie nini?

Kwenu nafuu ni kubwa kuliko ya wote walioandika. LIBOR ya dola ilikoma tarehe 30 Juni 2023, na nafasi yake ikachukuliwa na SOFR, ambayo hutokana na mikopo ya usiku mmoja inayodhaminiwa na hati za serikali ya Marekani. Kwa kuwa SOFR kwa asili iko chini kidogo ya LIBOR, mikataba ya zamani iliongezewa kiasi maalumu kufidia tofauti: kwa miezi mitatu ni asilimia 0.26161. Hicho ndicho hako kaongezeko kenu. Hakikisheni ni tarakimu hiyo, kwa sababu ya mwezi mmoja ni 0.11448 na ya miezi sita ni 0.42826, na aliyechanganya safu mbili za jedwali amewaongezea au kuwapunguzia bila kukusudia.

Benki kuu ya Marekani ilifikisha riba yake kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023. Ikaanza kuishusha Septemba 2024 kwa nusu pointi, ikaendelea kwa robo robo Novemba na Desemba mwaka huo, kisha Septemba, Oktoba na Desemba 2025, ikafika kati ya 3.50 na 3.75. Jumla ni pointi 1.75, na SOFR hutembea karibu sana na riba hiyo. Kwa dola 800,000 ni dola 14,000 kwa mwaka wa siku 360; na kwa kuwa dola huhesabiwa kwa kigawanyo hicho, mwaka wa siku 365 unatoa kama 14,194.

Someni pia SOFR ipi. Ile ya muda hutangazwa mwanzoni mwa kipindi, tayari imebeba matarajio ya soko, na haibadiliki mpaka miezi mitatu iishe. Unajua utakacholipa siku ya kwanza. Ile ya kukusanywa kila siku hujulikana siku chache kabla ya malipo. Kampuni inayopanga malipo ya wakulima wa iliki kwa wiki ingechagua ya kwanza kwa utulivu wake, hata kama tofauti ya gharama ni ndogo.

Kodi ya zuio nayo imo. Riba inayolipwa kwa mkopeshaji asiye mkazi hukatwa asilimia 10. Kama mkataba wenu unasema mkopeshaji apokee kiasi kamili bila makato, kodi hiyo mnaibeba ninyi juu ya riba, na kila dola 90 anazopokea zinawagharimu 100. Nafuu ya 14,000 kwenu inakuwa kama 15,556.

Ninyi mnauza kwa dola, kwa hiyo mko salama upande wa fedha. Wasomaji wanaouza ndani ya nchi wasiige. Kanuni za Machi 2025 zinataka bei za ndani ziwe kwa shilingi, kwa hiyo mapato yao ni shilingi hata kama zamani walitoza dola. Mtu huyo akiwa na deni lile lile, na dola ikatoka shilingi 2,500 hadi 2,600, mtaji wake peke yake unaongezeka uzito kwa milioni 80. Zile dola 14,000 alizookoa kwenye riba ni milioni 36.4.

Msomaji wa Raskazone: Kampuni yetu ya familia ilinunua hatifungani (hati ya kuikopesha fedha) ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, mwaka 2024. Riba zikishuka, watatupunguzia?

Hapana. Hatifungani ile ya miaka 10, iliyotolewa mwaka 2024 kwa lengo la kukusanya shilingi bilioni 53.12, ina riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka ambayo imefungwa, inalipwa kila miezi sita. Mamlaka ya maji ndiyo iko katika nafasi ambayo wasomaji wengine hapo juu hawako: wao kushuka kwa riba hakuwapunguzii gharama ya deni hilo, kama ambavyo kupanda kusingewaongezea. Kwa mradi wa mabomba yatakayotumika miongo, na ankara za maji zisizoweza kupandishwa kila robo mwaka, ulikuwa uamuzi wa busara.

Kwenu kinachobadilika ni bei mkitaka kuuza kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hatifungani yoyote ya asilimia 13.5 iliyobakiza miaka minane, mtaji ukirudi wote mwishoni, soko likitaka 12 tu, thamani yake ni kama shilingi 107.60 kwa kila 100. Mkiuza mnapata ongezeko hilo leo, lakini fedha mtakayoipata mtaiwekeza kwa 12. Kama hamna shida nayo ya haraka, hakuna mnachopoteza kwa kuishikilia na kuendelea kupokea malipo yenu kila nusu mwaka.